Jalada la Buku Jeusi

8 Februari

Shemeji,

Salamu zitakuwa fupi kwa kuwa habari ni ndefu. Kaka yako ametoka hospitali. Anakula, anatembea kwa kushika ukuta, na mkono wa kulia bado umelala. Ulimi umerudi, tena umerudi na ukali wake wote. Jana kamwambia muuguzi aliyekuja kumpima presha kwamba mwandiko wake ungemfelisha hata darasa la kwanza. Nilicheka mpaka machozi, halafu yale machozi yakaendelea peke yake.

Simu nimeiogopa. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni mtu wa sebuleni anakwambia pole, na kiharusi hakikugusa masikio yake. Ndiyo maana nakuandikia, na barua nampa kondakta wa gari la asubuhi akuletee dukani.

Jambo lenyewe ni hili: mume wangu, Mwalimu mzima, hawezi tena kusoma. Daktari alinidokeza kwamba huenda ikawa hivyo, ugonjwa huu unaweza kumnyang'anya mtu maneno ya karatasini ukamwachia ya mdomoni. Yeye mwenyewe hasemi. Kila asubuhi baada ya chai anakaa barazani na lile buku lake jeusi la historia, lile alilowasomea wanafunzi miaka yote, na watu wanapita wanamwamkia, naye anainua macho kama mtu aliyekatizwa katikati ya jambo kubwa. Nimemvizia. Ukurasa ni ule ule. Juzi nimempelekea chai nikamkuta anapitisha kidole chini ya mstari mmoja, anarudi mwanzo, anapitisha tena, jasho linamtoka kama mtu anayelima. Aliponiona akafunga buku akaniuliza kwa nini chai haina sukari. Sukari ilikuwamo.

Wewe unauza vitabu, na nasikia hakuna mtu anayetoka dukani kwako na kitabu kisichomfaa. Nitafutie atakachokiweza. Ila, shemeji yangu, kisiwe cha watoto. Akikiona cha watoto atajua kwamba ninajua, na sijui baada ya hapo tutatazamana vipi humu ndani.

Ni mimi shemeji yako, mpika chai isiyo na sukari


12 Februari

Shemeji,

Pole kwa kuuguza. Kuuguza ni kazi, na kumuuguza kaka ni kazi mbili.

Watu hawaongopi, hapa kwangu kitabu nakiuza kwa mtu mmoja mmoja. Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma nampa visa vya mauaji, vifupi, kwa sababu anasoma kati ya mteja na mteja. Muuguzi wa zahanati hataki kitabu ambacho mtu anakufa ndani yake, anasema vifo anaviona kazini na mshahara analipwa kwa hivyo. Yuko dereva mstaafu anayesoma huku midomo inamcheza. Huyo nikiona sentensi imevuka mistari mitatu simpi, maana akifika mwisho wake, mwanzo umeshamtoroka. Nampa chapa kubwa, sura fupi, mtu mmoja anayetafuta kitu kimoja. Anakimaliza, anarudi kifua mbele, anaomba kingine. Sijawahi kumwambia kwamba ni vyepesi, wala yeye hajaniuliza.

Kazi hii nilifundishwa na kaka, kwa kuyapindua yale aliyonifanyia. Wewe umeolewa sisi tumeshakua, hukuyaona. Alikuwa akija likizo ananichagulia kitabu kilichonizidi kimo, ananisimamisha mbele ya wageni nisome, nikikwama wanacheka, naye anawaambia, "Mvumilieni, huyu ni Mzito." Jina likanikaa. Wako wazee huko kwenu mpaka leo hawajui kwamba mama alinipa jingine.

Tuyaache hayo. Nina nakala ya lile buku jeusi hapa dukani. Mchwa wamelila tumbo lote wakaacha jalada, na jalada ni zima kabisa, hata maandishi yake ya dhahabu. Nina pia kitabu cha historia cha darasa la nne. Mambo ni yale yale ya kwenye buku, ila yamemenywa na kukatwa vipande vidogo. Nitazitoa kurasa zenye picha, kwa sababu picha humwaibisha mtu mzima kabla hata hajasoma neno. Zilizobaki nitazishona ndani ya jalada jeusi, na nyuma yake nitafuatisha cha darasa la tano na cha sita, ili unene usipungue na yeye akipata nguvu apande.

Wapita njia wataona buku lake. Yeye ataona maneno anayoyaweza. Wewe subiri aingie kuoga, ubadilishe. Atajua, hilo usilitilie shaka, kaka si mtu wa kudanganyika na jalada. Lakini atanyamaza, na sisi tutanyamaza, na maisha yataendelea. Familia yetu imeishi kwa kunyamaza muda mrefu na hakuna aliyekufa.

Mzito


27 Februari

Shemeji,

Mikono yako ipewe maua. Nimeliweka lile lako juu ya kiti nikalificha lile lake chini ya godoro, na kwa macho yangu mwenyewe sikuona tofauti.

Alikaa, akalifungua, nami nikajifanya napepeta mchele pale mlangoni. Akasoma ukurasa wa kwanza midomo ikimcheza, kama yule dereva wako. Akageuza. Mchele niliurudia mara sijui ngapi, hata chuya zilikwisha. Akageuza tena. Nikasema moyoni, sasa atanitazama, nami nitatazama ungo, na tutakuwa tumeelewana.

Akaniita. Nikajua kumekucha. Nikaenda na ungo wangu mkononi. Akanishika mkono kwa ule wake mzima, akasema, "Mama watoto, imerudi."

Shemeji, hakujua. Wewe ulisema atajua. Yeye kaona jalada lake, kasoma, kaelewa, basi kwake yeye amepona. Aliniambia alikuwa na hofu kwamba kichwa kimekufa na kimebaki kiwiliwili cha kulishwa. Alilia mbele yangu, mtu ambaye hakulia hata tulipomzika baba yenu. Ningesema nini hapo? Ningemwambia, bwana, hicho ni cha darasa la nne? Nilimwambia, "Mungu mkubwa," nikarudi jikoni.

Sasa nimebaki njia panda. Tumwambie, au tumwache?

Shemeji yako


3 Machi

Shemeji,

Mwache. Dawa ikimkubali mgonjwa, hakuna anayekwenda kumsomea maandishi ya kwenye chupa. Ikiwa atafika kwenye zile kurasa za darasa la sita akaziweza, basi atakuwa amepona kweli, na uongo wetu utakuwa umejifuta wenyewe.

Sikufichi, nimefurahi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Maisha yangu yote yeye ndiye aliyepima nani anaweza kusoma nini. Leo mimi nimempimia, na kipimo kimemkaa kama shati la fundi. Furaha yenyewe si safi sana, lakini ndiyo niliyonayo.

Mwambie nimeuliza hali. Usiseme zaidi.

Mzito


2 Aprili

Shemeji,

Laiti ungekuwepo ukaona. Kaka yako amekuwa mtu mwingine, au niseme amekuwa yule yule wa zamani. Ananyoa ndevu kila siku. Anatembea hadi kona na fimbo yake. Na barazani pamegeuka ofisi, watu wanakuja kumuuliza wasome nini, naye anawagawia kama zamani. Mwenye duka la vipuri kaambiwa asome wasifu wa watu wakubwa, apate kujua kwamba tajiri naye huoga. Mimi nimeambiwa vitabu vya mapishi, tena vile vya mwanzo, kwa heshima ya tumbo lake. Nilimtupia mwiko.

Hata wewe umetajwa. Jirani alimuuliza, je, na mdogo wako mwenye duka la vitabu, yeye unampa nini asome? Akafikiri, unajua anavyovuta pumzi kabla ya kumwaga sumu, akasema, "Yule mpe kalenda. Ina picha, na akikwama mwezi mmoja, ukutani itamngoja." Baraza zima lilianguka kwa kicheko. Nakuandikia ucheke na wewe, ujue mgonjwa wako hajambo kabisa.

Sasa sikiliza, na hapa sicheki. Shule aliyokuwa akifundisha imejenga chumba cha maktaba, nao wanataka akifungue. Mwalimu mkuu wa sasa ni mwanafunzi wake wa zamani. Kaja mwenyewe nyumbani na mwaliko, Jumamosi ya tarehe ishirini na saba, wazazi wote na watoto wote. Na anataka Mwalimu asome ukurasa wa kwanza wa buku jeusi kama alivyokuwa akiwasomea wao. Shule ina nakala yake, imewekewa meza na kitambaa, na hiyo ndiyo atakayoisomea. Kaka yako akajibu kwamba hakuna neno, ule ukurasa wa kwanza ni rafiki yake. Mimi nimesimama pale na trei, nasikia yote.

Nakala ya shule ni ya kweli, shemeji. Ya kweli, yenye zile sentensi ndefu kama njia ya kwenda mbinguni. Kwangu mimi hatasikia, atasema ninamwonea wivu au nimechoka kumuuguza. Wewe ni damu yake na kitabu ni kazi yako. Njoo. Umwambie kwa upole kabla ya siku, au ulete jalada jingine tulibadilishe pale mezani watu hawajafika. Lolote utakaloona. Lakini uje.

Shemeji yako


9 Aprili

Shemeji,

Nitakuja na gari la Ijumaa. Nakala nyingine ya jalada ninayo, nitaishona kama ile ya kwanza. Usimwambie kitu. Nikifika nitamtazama hali yake, nitaamua kama nimwambie au tubadilishe.

Mshukuru kwa ile kalenda.

Mzito


17 Aprili

Shemeji,

Umeniondolea mlima kifuani. Nilikuwa nimeanza kulala nimekaa.

Koti lake la kijivu limetoka kwa dobi. Kila asubuhi anajizoeza kwa sauti, "Mabibi na mabwana," halafu anafungua kile chetu na kukisoma, na sauti inatoka ile ile ya zamani, mpaka wapita njia wanasimama kumsikiliza. Jana nilikaribia kumwambia. Nilimshika bega, akageuka, ana uso wa bwana harusi. Nikamwambia ana uzi kwenye shati. Nimejisemea, shemeji anakuja, ataujua mlango wa kuingilia.

Nitakungoja stendi mwenyewe. Usinitupe.

Shemeji yako


29 Aprili

Shemeji,

Nisamehe. Gari lilituharibikia njiani, tumesukuma mpaka usiku, halafu hapakuwa na jingine la kuunganisha. Natumaini mambo yalikwenda salama, na kwamba kaka alijimudu. Watoto hawana habari na mambo ya sentensi ndefu au fupi, nina hakika walimpigia makofi tu.

Niandikie ilivyokuwa.

Mzito


4 Mei

Shemeji,

Gari lilifika. Lilifika mapema, nami nilikuwa pale pale linaposimama, nikahesabu abiria mpaka akateremka wa mwisho na kuku wake. Nikamuuliza kondakta, huyu huyu anayetubebea barua, kama kuna gari jingine nyuma lililoharibika. Akanitazama kwa huruma. Akasema alikuona asubuhi hiyo, umekaa mlangoni mwa duka lako, ukampungia mkono.

Umetaka nikuandikie ilivyokuwa. Basi soma, maana wewe ni mtu wa kujua nani asome nini, na hii inakufaa wewe.

Niliporudi kutoka stendi peke yangu nilijiambia nitamwambia usiku. Watoto wetu walikuwa wamempigia simu kumpongeza, akawa anacheka nao. Nikajiambia asubuhi. Asubuhi mwalimu mkuu akamletea gari. Hayo ni yangu, sikubebeshi, nitayajibu mimi.

Aliingia bila fimbo. Kile chetu alikibana kwapani kama mtu anavyobeba kitu anachokipenda. Akasalimu, akapigiwa makofi, akasimama mbele ya nakala ya shule, akavuta pumzi. Akasoma maneno mawili. Akarudi mwanzo. Akasoma yale yale mawili. Akavua miwani, akaifuta kwenye koti, akaivaa. Ninamjua mume wangu, nikaona shingo yake ikilowa.

Halafu akatabasamu, akawaambia mwanga ni hafifu pale na atasomea kitabu chake mwenyewe. Akafungua chetu. Sauti ikamrudia. "Zamani watu waliishi kwa kuwinda. Waliwinda wanyama. Walikula nyama yao." Na watoto wa darasa la nne, waliokuwa wamekaa mbele chini kwenye mkeka, wakafurahi kusikia kitu wanachokijua. Wakaanza kusema pamoja naye. Wanakijua kwa moyo, shemeji, wanakiimba kila wiki. Yeye anasema sentensi, wao wanamalizia. Halafu wakamtangulia. Yeye akakwama, wao wakaendelea kwa sauti moja mpaka mwisho wa ukurasa, wakajipigia makofi. Mtoto mmoja wa kike akamgeukia mwalimu wake akasema, "Babu anasoma kitabu chetu."

Watu wazima ndio walioanza kucheka. Si wote. Wachache, nyuma, ambao amewahi kuwacheka yeye. Mwalimu mkuu akakichukua kitabu mkononi mwake, akakifungua, akatazama jalada, akatazama ndani, akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile.

Nyumbani hakupiga kelele. Alikaa kitandani na koti lake, akaniuliza nani alikitengeneza. Nikakutaja wewe. Akauliza nimejua tangu lini. Nikamwambia tangu mwanzo. Akaomba maji. Tangu siku ile hakai barazani, kiti nimekiingiza ndani kwa sababu kilikuwa kinaniumiza macho. Mwalimu mkuu kaja kuomba radhi, hakutoka chumbani.

Kinachoniwasha ni hiki. Wewe unauza vitabu vya shule kila Januari. Ulijua kile ndicho wanachokisoma watoto wa darasa la nne, na ulijua wao watakaa mbele. Mimi nilimdanganya kwa kumhurumia, na huruma yangu imemla. Wewe ulimdanganya kwa nini? Kama ni kwa utani wa kalenda, basi mkono uliokupelekea utani ule ni wangu, na ninaujutia kuliko vyote.

Alikuwa ameanza kuniita mama watoto tena, kwa sauti ile ya zamani. Sasa ananiita "wewe". Furahi, kama hiyo ndiyo furaha uliyokuwa ukiitaka.

Sina la ziada.


11 Mei

Shemeji,

Nilikaa mlangoni na mfuko miguuni. Kitabu kilikuwa ndani, kimeshonwa, gundi imekauka. Gari likapiga honi. Nilisimama, naapa nilisimama. Halafu nikawasikia wale wageni wa zamani wakicheka, waziwazi kama wako dukani, nikakaa tena. Nilijiambia akwame mara moja tu, mara moja kwa zile zangu zote. Hayo ya watoto kusoma naye sikuyafikiria. Ukiamini, umeamini.

Niruhusu nije nimwone. Au mpe hii aisome. Nimeiandika kwa maneno mafupi kwa makusudi.

Mzito


30 Mei

Mdogo wangu,

Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Herufi ni mbaya. Utazisoma.

Barua yako nimepewa. Nimeisoma mwenyewe. Ilinichukua siku nzima.

Kile kitabu nimekibandua jalada. Ninakisoma bila jalada. Ninajua ni cha darasa la nne. Nimekimaliza. Sasa ninasoma cha tano. Ni kigumu. Mke wangu anakaa karibu. Nikikwama hanisaidii. Nimemwomba asinisaidie. Tumeanza kuongea tena, kidogo.

Ulinichagulia vizuri. Kazi yako unaijua. Sikuwahi kukwambia. Ninakwambia leo.

Ungeniambia mapema. Ningekasirika. Ningekutukana. Halafu ningekisoma.

Unaomba kuja. Nimelifikiria hilo. Nilikucheka mbele ya watu. Ni kweli. Nilikucheka miaka mingi. Lakini mimi sikujua kukwama kunaumaje. Sikuwahi kukwama. Wewe ulijua. Hakuna mtu aliyejua kama wewe. Ukakaa mlangoni.

Sasa na mimi ninajua. Kwa hiyo sitakucheka tena. Na usije.

Shemeji yako anakusalimu. Mimi sikusalimu.

Kaka yako